Kundi la Baba Ndani ya Maji

Mimi samaki namjua kwa kidole gumba. Naanzia nyuma ya kichwa, pale ambapo shingo ingekuwa kama samaki angekuwa na shingo, nashuka na mgongo mpaka karibu na mkia. Kidole kikiteleza juu ya nyama, huyo alikula akashiba. Kikizama kama kimeingia kwenye mfereji, huyo ana njaa ya muda mrefu, na hata aliyemleta aape kwa watakatifu wote, mimi simnunui. Sokoni Muyinga wananijua kwa hilo. Wapo wanaonicheka, wapo wanaofunika makapu yao wakiniona naja, na hiyo ni shauri yao. Awe mbichi au awe amebanikwa mpaka amekuwa mweusi, awe ametoka ng'ambo Tanzania au hapa hapa kwetu, mgongo hausemi uongo.

Nayasema haya ili ieleweke nilijisikiaje siku baba yangu aliponionyesha samaki wake.

Baba alikuwa akikaa Bukirasazi, upande wa Gitega, kwenye shamba la baba yake. Mimi niliolewa Muyinga, kwa hiyo kwenda kumwona ilikuwa safari ya kupanda basi mpaka Gitega, kisha kuteremka na pikipiki kwa barabara ya vumbi. Tulirudi Burundi pamoja, mimi nikiwa msichana mkubwa, yeye akiwa tayari na mvi, mama yangu tukiwa tumemwacha kaburini Tanzania. Baba alikimbia nchi hii akiwa kijana mchunga ng'ombe. Alikuwa akiwaswaga ng'ombe wa baba yake mbele yake mpaka mtoni, na mtoni watu walivuka, ng'ombe wakabaki. Habari hiyo aliisimulia mara chache, na kila mara aliishia palepale, ng'ombe wamesimama ukingoni wakiwatazama. Ukimuuliza baadaye ikawaje, anaomba maji ya kunywa.

Shamba tulilikuta kwa sababu ya shangazi yangu. Yeye alikuwa ameolewa Giheta, na wala hakukimbia. Miaka yote ile baba yuko uhamishoni, kila msimu wa kupanda dada yake alitoka Giheta na jembe lake, akaja Bukirasazi, akalima kipande cha mpakani, akapanda maharage. Hayakuwa maharage ya kumshibisha mtu. Alipanda ili watu wasije wakasema hapa hapana mwenyewe. Alitukanwa na wakwe zake, alitukanwa na majirani waliolitamani shamba, akaendelea kupanda. Tuliporudi, tulikuta mistari ya maharage inatungoja.

Kwetu mtu aliyekufanyia jambo kama hilo hutamshukuru kwa maneno tu, ukaondoka. Unampa ng'ombe. Unamgabira, kama tunavyosema, mbele ya watu, naye anapiga makofi, anakushukuru, nawe unamwitikia, na kuanzia hapo jambo linajulikana mpaka kwa wajukuu. Baba hakuwa na ng'ombe. Hilo lilimuuma kuliko kiuno, kuliko njaa. Nilimsikia akisema mara nyingi, "Dada yangu alinitunzia nchi, na mimi sina hata ndama wa kumpelekea."

Halafu ukaja mradi wa kuwasaidia waliorudi. Wengine walipewa mbuzi, wengine nguruwe. Kura ya baba iliangukia samaki. Wakamsaidia kuchimba bwawa kule bondeni, chini ya shamba, wakamwagia vifaranga vya ngege, hao ambao Tanzania tuliwaita perege, wakampa mkono wa heri, wakaenda. Kwa muda hakutaka hata kulitazama lile bwawa. Mchunga ng'ombe mzima kupewa samaki! Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akikaa naye pale nyumbani, aliniambia kwamba mzee alikuwa anashuka bondeni jioni, anasimama, anasonya, anapanda tena kilimani.

Kisha samaki wakazaa.

Sijui niielezeje furaha yake. Alinipigia simu sokoni, kelele tupu, nikadhani kuna msiba. "Mwanangu, kundi limeongezeka!" Kundi. Tangu siku hiyo hakuwaita samaki tena. Aliwakatia majani ya magimbi na ya viazi, akawabebea machicha ya pombe ya mtama kutoka kwa majirani, akawaimbia yale maneno ya kuwasifu ng'ombe ambayo mimi nilikuwa siyajui hata kidogo, kwa maana Tanzania hakuwa na wa kumwimbia. Na akaweka sheria: hakuna kuvua. Mdogo wangu alipojaribu kumweleza kwamba samaki wadogo huvuliwa wakaliwa, ili wanaobaki wapate nafasi, baba alimjibu kwa Kiswahili, na baba alisema Kiswahili nyumbani pale tu alipokasirika. "Nani anachinja ndama? Kwenu wapi huko mnachinja ndama?"

Basi nilipokwenda akanishika mkono kama mtoto, tukashuka bondeni. Maji yalikuwa yanatetemeka kwa samaki. Akarusha machicha, uso wa bwawa ukachemka, naye akacheka, meno yote nje. "Unawaona? Wakishakua, nachagua walionona, nampelekea dada. Kapu zima. Hiyo itakuwa ng'ombe yangu." Nikainama, nikamdaka mmoja kwa kikapu. Kichwa kikubwa, macho makubwa, na nyuma yake kimwili chembamba kama kisu kilichonolewa mpaka kikaisha. Nikapitisha kidole gumba. Kilizama.

Sikumwambia siku ile. Nilimtazama usoni, nikasema ni wengi, baba, ni wengi kweli.

Muyinga nilimsimulia mwenzangu tunayekaa naye meza moja sokoni, mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza dagaa na ana mdomo kuliko mimi. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Dada, ule mzee wako haiko anafuga samaki. Iko anafuga vichwa!" Nilicheka naye. Kisha nikaingia nyuma ya magunia, nikalia, na sikutaka mtu aniulize kitu.

Miaka ikaenda hivyo. Kila nikimwuliza kuhusu kapu la shangazi, ananijibu, "Bado. Bado wadogo. Waache wakue." Nilianza kumtumia magunia ya pumba kwa basi. Samaki wakazila zile pumba, wakapata nguvu kidogo, na nguvu yote wakaipeleka kwenye kuzaa. Bwawa likazidi kujaa, migongo ikazidi kuwa myembamba. Nilikasirika na samaki, kitu ambacho sikujua kwamba kinawezekana.

Ndipo nikamwomba agronomu wa pale, mtaalamu wa kilimo na ufugaji, binti mmoja wa Gitega mwenye buti za mpira na subira nyingi, aje azungumze na mzee. Nilipanda basi siku hiyo makusudi niwepo. Alikuja na ubao wake wa kupimia urefu na mzani mdogo, akavua wachache, akapima, akatikisa kichwa. Samaki wa urefu huu, alisema, angepaswa kuwa na uzito zaidi ya huu. Kisha akamgeukia baba, akamsemesha kwa Kiswahili, kama wengi walivyotusemesha sisi tuliotoka Tanzania.

"Mzee, mi nakuambia ukweli. Ziko mingi sana, donc chakula haitoshi. Dume na jike zikikaa pamoja, ni kuzaa tu kila wakati, haziwezi kunona. Tuzitenge. Dume zibaki huku, jike tuzipeleke kwingine. Utaona zitakua, voilà."

 Baba akauliza taratibu, "Nani amekufa?"

Yule binti hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwa wazee wetu wa ng'ombe, mwenye kundi akifa, fahali hutengwa na majike. Nyumba nzima ipo kwenye matanga, watu hawalalani, mashamba hayalimwi, na kundi nalo linaomboleza pamoja na watu. Mpaka siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga, ndipo fahali hurudishwa na maisha yanaendelea. Kutenga kundi na mwenyewe yuko hai, amesimama pale na fimbo yake, ni kumzika kwa mikono yenu.

"Baba," nikasema, "hawa ni ngege. Si ng'ombe."

Akanigeukia. Kwa Kiswahili. "Mnataka kunililia nikiwa nasikia?"

Tuligombana siku hiyo vibaya. Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa. Akaniambia kanisani anakwenda kila Jumapili na hajawahi kumkuta mchungaji akihubiri juu ya fahali. Nilimwambia shangazi anazeeka, atakufa hajaonja hata mkia. Hapo akapanda kilima peke yake, mgongo umenyooka kwa hasira. Mimi ndimi mwanawe, ule ukaidi naujua, ninao nyumbani kwangu na watoto wangu wanaulalamikia.

Mwaka uliofuata alianza kuumwa tumbo. Tulimpeleka hospitali Gitega, daktari akatueleza kwa upole kwamba uvimbe ulikuwa umekwenda mbali, kumpasua kungemtesa bure. Nikaacha meza kwa mwenzangu yule wa Kivu, nikaenda kukaa Bukirasazi. Aliniambia, "Enda, dada. Mi nitauza ya kwako na ya kwangu. Mzazi iko moja tu." Sitamsahau kwa hilo.

Baba alikonda upesi. Alikuwa hataki mke wa mdogo wangu amwogeshe, ana haya, kwa hiyo nilimwogesha mimi. Siku moja nilikuwa nampaka sabuni mgongoni, mkono ukaenda wenyewe kama ulivyozoea. Kidole gumba kikaanzia nyuma ya shingo, kikashuka. Kilizama mpaka chini kabisa. Nikaendelea kumwagia maji ili asione kwamba nimesimama.

Alipenda kubebwa kupelekwa bondeni. Mdogo wangu alikuwa anamweka kwenye kiti ukingoni, anamfunika blanketi mpaka magotini, naye anawatazama ngege wake. Asubuhi moja yule agronomu alipita kutusalimia. Alikuwa anampenda mzee, pamoja na ugomvi wote. Baba akamwita akae karibu, akamwuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Mwanangu, hawa wadogo, wana muda gani kabla hawajakua wakubwa? Niambie kweli. Mimi sina muda mrefu."

Yule binti alinitazama. Mimi nikaangalia majani. Akamvua mmoja, mfupi tu, angetosha kiganjani. Akampasua tumbo kwa kisu kidogo, akamwonyesha baba. Ndani kulikuwa na mayai, ya manjano, yamejaa.

"Mzee," akasema, "huyu haiko mtoto. Iko mama. Amekwisha kuzaa, alikuwa anataka kuzaa tena. Hizi zote unaona ndogo, ni nzee. Zimebaki fupi kwa sababu ya njaa. Hazitakua tena sana zikiwa hivi."

Baba alimchukua yule samaki, akamweka kwenye kiganja, akamtazama muda mrefu. Alikuwa anajua ng'ombe. Alijua kwa meno, kwa pembe, kwa kutembea, ng'ombe ana umri gani na amezaa mara ngapi. Kwa samaki hakujua, na hakuna aliyemlaumu, angejulia wapi.

"Kwa hiyo," akasema, "nimekuwa nasubiri wazee wakue."

 Nilitaka kumchukia yule binti na sikuweza. Baba akamrudisha samaki majini, ingawa alikuwa amekwisha kufa na tumbo liko wazi, akafuta mkono kwenye blanketi. Nilimwona analia, na baba yangu sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika mama.

 Kesho yake, nikimpa uji, alikisukuma kikombe pembeni, akasema kwa Kirundi, kwa sauti yake ya furaha, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku nyingi: "Nikifa, mtazitenga."

"Baba, acha maneno hayo."

"Sikiliza kwanza. Nikifa, mtazitenga, hiyo ni haki yangu, ni mwenye kundi mimi. Dume huku, jike kule, kama anavyosema yule mtoto wa agronomu. Mpaka siku ya kuganduka. Si ni miezi mingi? Zitanona. Halafu mtachukua kapu, mtampelekea dada." Akanitazama kama mtu aliyepata bei nzuri sokoni. "Umeona? Kila kitu kinakwenda sawa."

Nilikasirika mno. Nilimwambia kama anaweza kukubali akiwa mfu basi akubali akiwa hai, tuzitenge leo, ale na yeye, azione. Akatikisa kichwa. Akasema leo yeye yupo. Nikamwambia ndiyo maana! Ndiyo maana, baba, kwa sababu upo! Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu zake zilizobaki, akaomba maji ya kunywa.

Alifariki kabla ya mvua. Shangazi aliletwa kutoka Giheta, amebebwa mgongoni na wajukuu kutoka barabarani, akakaa kando ya jeneza, mkono wake juu ya mbao. Tulizika kwa mchungaji na nyimbo. Siku matanga madogo yalipoisha na watu walipopungua, mimi na mdogo wangu tulivaa nguo mbovu, tukaingia bwawani na wavu, agronomu akiwa ukingoni na ndoo. Ile kazi unamshika ngege, unamgeuza tumbo juu, unatazama matundu yaliyo karibu na mkia, dume yana namna yake na jike yana namna yake. Mkono unachoka, macho yanachoka. Madume yakabaki bwawani. Majike tukayahamishia kwenye shimo la jirani. Vile vidogo visivyojulikana tulivikausha, tukawagawia waliokuja kuomboleza.

Wazee wa kilima walisimama wakitazama, wakatikisa vichwa kukubali. Waliona watoto wanamlilia baba yao inavyopasa. Agronomu naye alitikisa kichwa, aliona somo lake limeeleweka. Mimi niliyekuwa ndani ya maji mpaka kiunoni nilikuwa nawaona pande zote mbili, na machozi yanadondokea ndani ya ndoo.

Nilirudi Muyinga kwenye meza yangu. Mdogo wangu aliendelea kuwalisha. Alikuwa ananipigia mara kwa mara, anaanza kwa habari nyingine, watoto, mvua, kisha anasema kwa sauti ndogo, "Dada, wanakua." Na mimi najibu sawa, nakata simu.

Siku ya kuganduka nilishuka bondeni kabla ya wote. Mdogo wangu akatupa wavu. Wakatoka ngege ambao singekuwa na haya kuwaweka mezani kwangu Muyinga. Mabega, nasema mabega kwa sababu sijui neno lingine, yamejaa. Kichwa kimekuwa kidogo kama kinavyopaswa kuwa, kimekaa kwenye mwili wake. Nikampakata mmoja anayepigapiga mkia, nikapitisha kidole gumba kutoka nyuma ya kichwa. Kiliteleza mpaka mwisho. Nikakaa chini kwenye matope na nguo zangu za sherehe.

Watu walikula, walikunywa, walisema mema. Mimi sikuonja. Mdogo wangu naye hakuonja, nilimwona akimsukumia mkewe sahani.

Shangazi hakuweza kuja, miguu ilikuwa imekataa kabisa. Kwa hiyo kesho yake nilichukua kapu, nikawapanga walio wakubwa kwa majani ya mgomba, nikapanda pikipiki mpaka Gitega, kisha basi dogo la Giheta, kapu juu ya mapaja, maji yananidondokea miguuni na abiria wananinung'unikia. Niliwajibu vizuri tu, siku hiyo sikuwa na hasira ya kumpa mtu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Nikapiga magoti, nikaliweka kapu mbele yake, nikafunua majani. "Shangazi, ni kutoka kwa baba. Ni ng'ombe yako."

Alimchukua mmoja kwa mikono miwili. Yeye hana kawaida yangu ya kidole, alimpima tu kwa kumwinua, kama mtu anavyompima mtoto mchanga. Alikuwa ameyasikia mambo ya lile bwawa miaka yote, vile vichwa vikubwa, yale "bado, bado".

"Wamenona," akasema. "Mliwafanya nini?"

"Tuliwatenga, shangazi. Madume na majike. Baada ya yeye."

Alielewa mara moja, ni binti wa wafuga ng'ombe. Alimshusha samaki taratibu kwenye majani.

"Kumbe ilibidi afe kwanza," akasema.

Kisha akaniambia nimsaidie kusimama. Nikamwambia akae tu, miguu inamuuma. Akanikazia macho, na yalikuwa macho ya baba yale yale, basi nikamshika kwapani, nikamsimamisha. Akaweka sawa kitambaa chake begani. Akapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama anavyopiga mtu aliyepewa ng'ombe. Akamshukuru ndugu yake kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Akashukuru kwa kundi, akashukuru kwa maziwa, akashukuru kwa ndama watakaokuja, maneno yote kama yalivyo, mbele ya kapu la samaki.

Alipomaliza akainamisha kichwa, akasubiri. Maana aliyetoa ng'ombe ndiye anayeitikia. Mimi nilikuwa nimemshikilia ili asianguke, na hayo maneno ya kuitikia hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.